Njia Kwanza, Jina Baadaye

Katika orodha rasmi ya asteroidi kuna safu ambayo Mswahili hawezi kuipita bila kusita: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba, 1430 Somalia, 1431 Luanda, 1432 Ethiopia. Ukizisoma kwa sauti utadhani unasikiliza safari ya nahodha aliyepotewa na dira: ameanzia mto wa mpakani, akapanda na kusi hadi Mombasa, akarudi Pemba, akakwea hadi Somalia, mara yuko Luanda upande wa pili wa bara, na mwisho anatafuta kutia nanga katika nchi isiyo na bandari. Rudi nyuma kidogo katika orodha hiyohiyo utaikuta 1278 Kenya, na sako kwa bako nayo 1279 Uganda, kisha 1356 Nyanza. Songa mbele utafika 1595 Tanga na 1638 Ruanda.

Kila jina hapo ni la jiwe la kweli linalozunguka Jua katika ukanda mpana ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Hakuna hata moja linaloonekana kwa macho matupu. Wengi wa wakazi wa Mombasa hawajui kwamba mji wao una wajina huko juu. Uhusiano wenyewe ni wa karatasi, uliandikwa na mtu wa tatu aliyekuwa mbali na pwani, kwa sababu zake mwenyewe. Hata hivyo una jambo la kutufunza kuhusu kujua na kuita. Sisi wanadamu kwa kawaida huita kwanza. Mtoto hupewa jina kabla hajatamka neno, na wagawaji wa bara hili walikwisha kuzipachika nchi majina kwenye ramani kabla hawajajua mipaka yake inapita katika mashamba ya nani. Anga halikuwaruhusu wanafalaki kufanya hivyo. Liliwalazimisha waijue njia kwanza, jina lije baadaye.

Mawe haya yalionekana mara ya kwanza Johannesburg, katika kituo kilichoitwa Union Observatory. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1903 kwa kazi ya hali ya hewa, lakini mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Innes, alikuwa mtu wa nyota, na taratibu alikigeuza kiangalie juu ya mawingu. Ni yeye aliyeigundua mwaka 1915 Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu. Mwaka 1928 akajiunga nao kijana Cyril Jackson, mzaliwa wa Yorkshire, Uingereza, aliyeletwa Afrika Kusini angali mtoto. Katika maisha yake Jackson aligundua asteroidi 72, nyingi kati ya hizo katika miaka ya 1930, na karibu majina yote niliyoyataja ni ya mawe aliyoyakamata yeye. Tanga waliipata wawili, yeye na Harry Edwin Wood, aliyekuwa mkurugenzi wakati huo.

Tazama tarehe. Tanga ilionekana Juni 19, 1930. Kenya na Uganda zilionekana usiku mmoja, Juni 15, 1933. Ruvuma ni Mei 16, 1937, Pemba ni Julai 2, na Mombasa ni Julai 5 mwaka huohuo. Zote zimeangukia kipupwe au mlangoni mwake, na sababu yake imo katika jiometri. Asteroidi huwa rahisi kuonekana inapokuwa upande wa anga unaokabiliana na Jua: huchomoza Jua linapotua, hufika juu kabisa usiku wa manane, tena huwa karibu nasi na yenye nuru kuliko wakati mwingine. Kati ya Mei na Julai upande huo wa anga uko katika maeneo ya Akarabu na Kausi. Kwa mtazamaji wa Berlin au Paris, buruji hizo hukaa chini karibu na upeo, zimefunikwa na ukungu wa ardhi, na usiku wa kiangazi chao ni mfupi mno. Kwa mtazamaji wa Johannesburg hupita karibu utosini, usiku ni mrefu, na hewa ya nyanda za juu wakati wa baridi ni kavu, haina mawingu. Ulaya ilikuwa na darubini kubwa zaidi, lakini kipande hicho cha anga kilikuwa cha watu wa kusini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Walipiga picha ya eneo moja la anga kwenye bamba la kioo, wakasubiri, wakapiga nyingine. Mabamba mawili yaliwekwa katika hadubini maalumu iliyomwonyesha mtazamaji picha moja, kisha ya pili, kisha ya kwanza tena, kwa kupokezana haraka. Nyota hubaki palepale. Kitu kilichosogea kati ya picha mbili huonekana kikirukaruka. Katika maelfu ya nukta zisizocheza, mtu alitakiwa kuiona moja inayocheza, kisha apime mahali pake kwa kuilinganisha na nyota za jirani ambazo mahali pake panajulikana. Kilichopatikana usiku wa Julai 5, 1937 kilikuwa hicho tu: nukta hafifu, mahali pake, na saa iliyopatikana.

Nukta ya namna hiyo haistahili jina. Inastahili alama ya muda, na utaratibu wa alama hizo, uliowekwa mwaka 1925 na unaotumika mpaka leo, ni wa kikarani kabisa. Unaandikwa mwaka, kisha herufi inayoonyesha nusu ya mwezi, kisha herufi ya mpangilio ndani ya nusu hiyo. Herufi I huachwa isije ikachanganywa na namba moja. Mombasa ilikuwa 1937 NO: N ni nusu ya kwanza ya Julai, na O ni kitu cha kumi na nne kuripotiwa katika nusu hiyo. Kenya ilikuwa 1933 LA na Uganda 1933 LB, kitu cha kwanza na cha pili cha nusu ya kwanza ya Juni, wenzi wa bamba la usiku mmoja. Tanga ilikuwa 1930 ME. Alama hizi hazimsifu mtu wala kudai chochote. Zinasema tu kwamba siku fulani kimeonekana kitu, na kwamba bado hatujui kama tutakiona tena.

Wasiwasi huo wa kutokiona tena ulianza na asteroidi ya kwanza kabisa. Januari 1, 1801, huko Palermo kisiwani Sicily, padri Giuseppe Piazzi aliona nukta iliyokuwa ikihama kati ya nyota. Aliifuata hadi Februari, akaugua, na alipopona nukta ilikuwa imeingia katika mng'aro wa Jua. Ilipotarajiwa kutokea upande wa pili, hakuna aliyejua aelekeze wapi darubini, kwa kuwa sehemu ya njia iliyokuwa imeonekana ilikuwa ndogo mno. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani wa miaka 24, alibuni hesabu ya kuipata njia nzima kutokana na vipimo vichache. Desemba 31 mwaka huohuo Franz Xaver von Zach aliikuta karibu na mahali ambapo Gauss alisema itakuwapo. Piazzi alikuwa ameiita Ceres Ferdinandea, Ceres akiwa mungu wa mavuno wa Sicily ya kale, na Ferdinandea kwa heshima ya mfalme wake. Sehemu ya mfalme ilipukutika upesi, kwa kuwa nchi nyingine hazikuona kwa nini ziibebe. Kilichoiokoa Ceres isipotee ni hesabu ya Gauss.

Njia ya asteroidi hukamilika kwa namba sita. Moja inatoa ukubwa wa mzunguko, nyingine kiasi unavyotofautiana na duara kamili, nyingine mwinamo wake kulinganisha na njia ya Dunia, mbili zinaonyesha umeelekea wapi, na ya mwisho inasema jiwe liko sehemu gani ya njia hiyo kwa wakati fulani. Kinadharia vipimo vitatu vizuri vinatosha kuanza. Kiutendaji, kila kipimo kina kosa dogo, na kosa dogo likiachwa miaka miwili mitatu hukua mpaka anga la kutafutia linakuwa pana kuliko subira ya mtafutaji. Kwa hiyo jiwe hufuatiliwa kwa majira kadhaa ya kukabiliana na Jua. Likirudi pale hesabu iliposema, hesabu hurekebishwa, linasubiriwa tena. Siku njia yake inapoaminika ndipo linapopewa namba ya kudumu, na ni baada ya namba ndipo mgunduzi anapopata haki ya kupendekeza jina.

Hii ndiyo sababu Tanga, iliyoonekana miaka saba kabla ya Mombasa, ina namba kubwa kuliko ya Mombasa. Orodha haihesabu nani alionekana mapema. Inahesabu nani njia yake imethibitika mapema, na Tanga ilikaa foleni. Katika miaka ya 1930 foleni hiyo ilikuwa mikononi mwa Astronomisches Rechen-Institut, taasisi ya hesabu za falaki huko Berlin. Baada ya vita kazi ilihamia Cincinnati, Marekani, na tangu 1978 iko Cambridge, Massachusetts, katika ofisi iitwayo Minor Planet Center. Mombasa ya Jackson ilionekana Johannesburg, ikasajiliwa Berlin, na leo hutunzwa Massachusetts. Pwani haimo popote katika safari hiyo ya makaratasi, isipokuwa kwenye jina.

Walipoharakisha, anga liliwaumbua. Asteroidi 719 Albert, iliyoonekana Vienna mwaka 1911, ilipewa namba na jina la tajiri Albert von Rothschild, kisha ikapotea kwa miaka 89, hadi mwaka 2000. Jina lilikuwapo vitabuni muda wote huo na mwenye jina hajulikani aliko. Kisa cha 330 Adalberta ni kikali zaidi. Max Wolf, bingwa wa Heidelberg aliyekuwa wa kwanza kugundua asteroidi kwa njia ya picha, aliripoti kitu mwaka 1892, kikapewa namba, kikapewa jina. Miaka tisini baadaye, mwaka 1982, ilibainika kwamba alichokipima zilikuwa taswira za nyota mbili tofauti. Jiwe halikuwapo kamwe. Jina na namba vilikuwa vimekaa miongo tisa bila mwenyewe, na ikabidi vihamishiwe asteroidi nyingine.

Visa hivi vinaonyesha jina la asteroidi limeshika nini hasa. Mombasa ilipoitwa Mombasa hakuna aliyejua ukubwa wake, rangi yake, wala kama inajizungusha kwa saa tano au siku tano. Hata katika darubini kubwa ilikuwa nukta tu, na nukta zote hufanana. Kitu pekee kilichoitofautisha na maelfu ya nukta nyingine ni njia yake. Inalizunguka Jua kwa wastani wa umbali wa mara 2.81 ya ule wa Dunia, yaani kilomita milioni 420 hivi, ikikaribia na kujitenga kidogo katika kila mzunguko. Njia yake imeinama takribani nyuzi 17, na mzunguko mmoja unachukua miaka minne na miezi minane hivi. Tangu usiku ule wa 1937 haijafikisha mizunguko 19. Jina Mombasa halikubandikwa kwenye jiwe, kwani jiwe lilikuwa bado halijulikani. Lilibandikwa kwenye desturi ya kurudi.

Wazee wetu wasingeshangaa. Wakulima wa pwani walikijua Kilimia kwa kurudi kwake: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hakuna aliyehitaji kujua zile nyota zimeumbwa kwa nini ili azitegemee. Alihitaji kujua kwamba haziendi likizo. Manahodha nao walipanga safari za kaskazi na kusi kwa nyota ambazo tabia yake ilikuwa imejaribiwa na vizazi. Kilimia kilipata jina kwa sababu kilikwisha kuaminika.

Mengine kuhusu mawe haya yalikuja baadaye sana, na yalikuja na kejeli yake. Mwaka 1983 ilirushwa setilaiti ya IRAS, iliyopima joto linalotolewa na vitu vya angani, na kwa joto hilo watu waliweza kukadiria ukubwa wa asteroidi nyingi kwa mara ya kwanza. Mombasa ikaonekana kuwa na kipenyo cha zaidi ya kilomita 50. Pemba ina takribani kumi. Duniani mambo ni kinyume: Kisiwa cha Mombasa kina eneo la kilomita za mraba zisizozidi 15 hivi, na Pemba ina urefu wa zaidi ya kilomita 60. Aliyeyapa mawe majina hakujua ni lipi kubwa, na asingeweza kujua. Ikabainika pia kwamba Mombasa ni jiwe jeusi lenye kaboni nyingi, linalorudisha takribani asilimia tano tu ya mwanga unaoliangukia. Waswahili husema jina jema hung'ara gizani, na hapa ni kweli kwa maana isiyokusudiwa, kwa kuwa jina ndilo linalong'aa, mwenyewe ni mweusi kama lami. Kenya nayo, vipimo vya mwanga wake vinaonyesha, hujizungusha polepole ajabu. Huchukua saa 188, karibu siku nane, pale ambapo asteroidi nyingi humaliza kwa saa chache. Hata mahali ilipo Mombasa pana habari. Si mbali nayo kuna pengo ambamo asteroidi karibu hazipo, kwa sababu jiwe la hapo lingezunguka mara tano wakati Mshtarii inazunguka mara mbili, na mivuto ya sayari ile kubwa, ikijirudia mahali palepale, hulisukuma nje. Mmarekani Daniel Kirkwood alitambua mapengo ya aina hii katika miaka ya 1860.

Lakini kwa nini Mombasa, na si jina jingine lolote? Wagunduzi wa karne ya 19 walianza na miungu wa kike wa Ugiriki na Roma, wakawamaliza. Wakaingia kwa wake zao, wafadhili wao, miji yao. Jackson, akiwa na mawe mengi na bara zima mbele yake, alifungua ramani. Alichagua mito, miji, visiwa, makabila, nchi. Sioni dalili ya dharau humo. Naona mtu anayelipenda bara alilokulia na kutaka liwe na sehemu yake angani. Tatizo liko kwenye ramani yenyewe. Ilikuwa ramani ya 1937. Kenya ilikuwa koloni, Tanga ilikuwa ya Tanganyika chini ya udhamini wa Uingereza, Pemba ilikuwa ya usultani uliolindwa na Uingereza hiyohiyo. Washairi wa pwani wangesema Mvita. Ramani ilisema Mombasa. Na palepale Johannesburg, Mwafrika alitakiwa kubeba pasi, na usiku ukishaingia hakuruhusiwa kutembea mjini bila kibali maalumu. Katika saa hizohizo za marufuku, kwenye kilima cha mji huohuo, yalikuwa yakikamatwa mawe ambayo yangeitwa 1467 Mashona na 1506 Xosa. Jina la Mxhosa liliruhusiwa kuzunguka usiku kucha. Mxhosa mwenyewe alitafutwa pasi.

Majina ya asteroidi yakishatangazwa kwa kawaida hayabadilishwi, na kwa hiyo ukanda ule umehifadhi ramani ambayo Dunia imeikunja. Nchi iliyoitwa Rhodesia ilikoma mwaka 1980 ilipozaliwa Zimbabwe, lakini 1197 Rhodesia ingali inazunguka. Ruanda ya orodha bado inaandikwa kwa tahajia ya wakoloni. Lakini hifadhi hiyo huweza pia kumgeukia mwenye nguvu. Jackson aliiona 1432 Ethiopia mwaka 1937, wakati majeshi ya Mussolini yalikuwa yameikalia nchi hiyo na kuimeza ndani ya kitu kilichoitwa Afrika Mashariki ya Kiitalia. Himaya ile haikumaliza hata mizunguko miwili ya jiwe kabla ya kuanguka. Jina lililokuwa likifutwa katika ramani za Roma limebaki, na la himaya limebaki kwa wanahistoria.

Kwa hiyo sielewi wale wanaojivuna kwamba nchi yao imeheshimiwa kwa kupewa asteroidi, na sielewi pia wale wanaoona hapo wizi mwingine. Heshima hutaka anayeheshimiwa aambiwe, na hakuna aliyetuma barua Mombasa. Wizi hutaka kitu kipungue, na Mombasa haikupungukiwa kitu. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyefanya kazi ya kuifuata nukta mpaka ikaaminika alitumia haki ambayo kazi ile ilimpa. Swali la kuuliza ni kwa nini kazi ile haikuwa mikononi mwa watu wa Mombasa. Jibu lake liko Duniani, katika shule, bajeti na sheria za pasi. Jackson mwenyewe, kwa utaratibu huohuo, amekuwa jiwe: 2193 Jackson.

Kuna jiwe jingine linalofaa kuwekwa kando ya haya, nalo lipo kwetu, linashikika. Ni kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito wa tani zaidi ya kumi, sehemu tisa katika kumi ni chuma na kiasi kikubwa cha kilichobaki ni nikeli. Chuma cha namna hiyo hakiumbiki juu ya ardhi. Hutokea ndani kabisa ya mwili mdogo wa angani ulioyeyuka, chuma kikazama katikati, kikapoa polepole kwa mamilioni ya miaka, kisha mwili huo ukapasuliwa na migongano. Kwa maneno mengine, kimondo cha Mbozi ni kipande cha moyo wa asteroidi iliyokwisha kuvunjika. Wenyeji walikijua tangu zamani. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930, na aliyekigundua, W. H. Nott, alikuwa mpima ardhi kutoka Johannesburg. Mwaka huohuo, kutoka mji huohuo, Tanga ilionekana angani.

Yapime mawe haya mawili. La Mbozi tunaweza kuliweka mkono, kulipima, kukata kipande na kukisoma chini ya hadubini. Lakini njia yake imepotea moja kwa moja: lilianguka zamani kiasi kwamba hata shimo la kishindo chake halionekani, na hakuna atakayejua lilitoka upande gani wa anga. Mombasa ni kinyume chake. Hakuna aliyeigusa, hakuna chombo kilichoitembelea, lakini tunaweza kusema itakuwa wapi usiku wowote wa miaka hamsini ijayo. Moja lina mwili bila njia, jingine lina njia bila mwili. Na neno kugundua limetumika kwa yote mawili, ingawa kwa Mbozi halikuwa na maana zaidi ya kuandikishwa, maana jiwe lilikuwa na majirani. Kwa Mombasa neno lilistahili, kwa kuwa kabla ya bamba lile hakuna jicho lolote la kiumbe lililolijua jiwe lile. Tofauti hiyo ni kubwa, na tukiidai kwa Mbozi ni haki tuikubali kwa Mombasa.

Leo asteroidi zenye namba zimepita 700,000. Zenye majina hazifiki 30,000. Mwaka 2025, darubini mpya ya Vera C. Rubin huko Chile ilipotoa picha zake za kwanza, saa kumi hivi za kazi zilifichua asteroidi zaidi ya 2,000 ambazo hazikuwahi kuonekana. Foleni ya kusubiri njia ziaminike imekuwa ndefu kupita kiasi, na foleni ya kusubiri majina ni ndefu zaidi. Masharti ya jina ni machache: lisizidi herufi 16, liwe afadhali neno moja, litamkike, lisiwe tusi wala tangazo la biashara, na mwanasiasa au mwanajeshi asubiri miaka mia baada ya kufa. Mgunduzi ana miaka kumi tangu namba itolewe kupendekeza, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ndiyo inayoamua. Hakuna sharti linalotaja bara, ngozi wala lugha. Ziko hata programu zinazowagawia wanafunzi wa nchi yoyote, bila malipo, picha za darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii wazichambue na kuripoti vinavyosogea. Mwalimu mwenye kompyuta na intaneti isiyokatikakatika anaweza kuanza muhula ujao.

Hata majina ya zamani yanaweza kupata wenyewe. Asteroidi ikipita mbele ya nyota, huizima kwa sekunde chache, na kivuli chake, chenye upana karibu sawa na wa jiwe lenyewe, hufagia juu ya ardhi kwa ukanda mwembamba unaoweza kutabiriwa. Watu waliojipanga kukatisha ukanda huo, kila mmoja na darubini ndogo, kamera na saa iliyosawazishwa, wakiunganisha nyakati zao hupata umbo la jiwe kwa usahihi usiopatikana kwa njia nyingi nyingine zinazofanyika hapa chini. Kazi hii hufanywa na wapenzi wa nyota Ulaya, Japani, Marekani na Australia kila mwezi. Hutaka watu wengi, nidhamu ya saa na usiku usio na mawingu, na haitaki utajiri.

Naona hilo ndilo dai lenye uzito kuliko malalamiko yote kuhusu nani aliita nini. Tukitaka Mombasa ya angani iwe yetu, hatuhitaji kuomba jina lirudishwe, kwa kuwa jina halikuondoka. Tunahitaji namba zake zibebe na vipimo vya watu wa Likoni, wa Chake Chake, wa Tanga. Na tukitaka majina mapya, ya washairi wetu, ya mito isiyokuwa katika ramani ya 1937, ya walimu waliofundisha hesabu chini ya mti, masharti ni yaleyale waliyotimiza Piazzi, Gauss na Jackson. Jina hupewa aliyeifuata njia mpaka mwisho.